Digrii Mbili na Nusu

Niseme mapema, mtu asije akanisubiri nipoe: bado nina hasira. Baridi imepita, theluji imeyeyukia mitaroni, na Rahel mke wangu amechoka kuniambia niache. Lakini kila nikipita mbele ya kile kisanduku cha kupangia joto ukutani mwa chumba cha tatu cha banda la nguruwe, moto unanipanda upya. Kisanduku chenyewe hakina kosa. Kinafanya kile unachokiambia, wala hakijitii ujuaji. Shida ni wale wanaokiambia.

Jumuiya yetu ya Weidental ilikuwa imejaa. Hapa kwetu hakuna cha mtu. Mashamba, matrekta, mabanda, hata vijiko vya bwaloni ni vya wote. Kwa hiyo tukijaa tunagawana, na tunagawana kila kitu. Wazee walipanga familia makundi mawili. Moja lingebaki hapa, jingine lingehamia Upande Mpya, kaskazini, ambako tulikuwa tumejenga nyumba na mabanda kwa miaka kadhaa. Ila nani abaki na nani aende, hakuna ajuaye mpaka asubuhi ya kura. Kila familia inafunga vitu vyake kama inayosafiri, halafu nusu yao watakuja kufungua masanduku yale yale ndani ya chumba kile kile. Nia ni nzuri. Kama hujui nyumba ipi itakuwa yako, utazijenga zote mbili kwa uangalifu. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba hekima hiyo iliangukia mikononi mwa Mjomba Christoph.

Mjomba Christoph, maana kwetu kila mzee huitwa mjomba, ndiye msimamizi wetu mkuu, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Alipewa kazi ya kuhakikisha pande zote mbili zinalingana, na akaichukua kazi hiyo kama homa. Alihesabu nyundo. Alihesabu mitungi ya kabichi chachu. Mtungi mmoja ulipozidi, aliwaita wanawake jikoni, wakaufungua na kuumimina nusu kwa nusu mbele yake. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana ilikuwa kabichi.

Mimi ni msimamizi wa nguruwe. Nilichaguliwa nikiwa bado na ndevu za kuhesabika, na sijafanya kazi nyingine tangu hapo wala sitaki. Msaidizi wangu alikuwa Zacharias Wollmann, shemeji yangu, aliyemwoa dada yangu Sanna. Makundi yalipopangwa, mimi nikawekwa la kwanza, yeye la pili, naye akatajwa kuwa msimamizi wa nguruwe wa kundi lake. Ghafla yule aliyekuwa akinishikia ndoo akawa sawa na mimi. Sikusema kitu. Watu wengine wanasema nilisema, lakini sikusema sana.

Tulikwenda Upande Mpya tukiwa watatu, mimi, Zacharias na Mjomba Christoph, kupanga visanduku vya joto kwenye vyumba vya watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya. Banda lilikuwa jipya kabisa, linanuka saruji na rangi. Mjomba Christoph aligeuza ndoo akaikalia.

Sasa sikilizeni, maana mambo yote yanatoka hapa. Kisanduku hiki si swichi ya kuwasha na kuzima. Unakiambia joto unalolitaka, tuseme digrii thelathini kwa watoto waliotoka kwa mama yao jana, nacho kinaongeza moto kidogo kidogo kadiri chumba kinavyopoa. Unakiambia pia nafasi: chumba kipoe kiasi gani chini ya thelathini ndipo moto ufunguke wote. Kule Weidental tuna hita za gesi. Gesi ina haraka, ukiifungulia inavuma papo hapo, kwa hiyo nafasi yake ni ndogo, digrii moja inatosha. Upande Mpya joto linatoka kwenye maji. Kuna boila moja kubwa inayolisha nyumba, bwalo na mabanda, na mabomba yanazunguka ukutani. Maji ni mazito. Yanachelewa kupasha na yanachelewa kupoa. Ukiyapa nafasi ya digrii moja, yatakimbilia moto wote, chumba kitapitiliza, feni zitaamka kutoa joto nje, baridi ya nje itamiminika juu ya watoto, na mabomba yatakuwa bado yanachemka. Maji yanataka nafasi ya digrii nne.

Nikabonyeza nne.

"Kule ni moja," Zacharias akasema nyuma yangu.

"Kule ni gesi. Hapa ni maji."

"Joto ni joto, shemeji. Nguruwe haulizi limetoka wapi."

"Nguruwe haulizi. Wewe ndiye unayetakiwa kuuliza."

Mjomba Christoph akavaa miwani. "Mnabishania nini tena?"

"Namba moja tu, mjomba," nikamwambia. "Zacharias anataka hili banda lifanane na lile kama mapacha."

"Si hivyo," Zacharias akasema. Akamgeukia mzee kwa ile sauti yake ya kanisani. "Mjomba, mimi sisemi Levi ana nia mbaya. Nasema kura bado. Kule kuna namba zake, hapa anaweka namba nyingine, zote zimo kichwani mwake. Nikiangukiwa na banda hili, si nitabaki nakodoa macho?"

"Utakodoa tu, hata nikikuandikia kwa herufi kubwa," nikasema. "Miaka yote hiyo umesimama nyuma yangu ukiangalia nini? Kisogo changu?"

"Levi," mzee akasema.

"Hapana, mjomba, nataka anijibu."

Zacharias alitazama mabomba, akayagusa kwa kiganja, akarudisha mkono mfukoni. Ule mguso nimekuja kuukumbuka baadaye.

Shauri likaenda kwa wazee. Walikaa wanne ofisini, wakimenya mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kopo, wakanisikiliza. Nilieleza gesi, nikaeleza maji, nikachora hata mchoro. Nilijitahidi sauti isipande. Mhubiri wetu, Mjomba Andreas, alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa upole, na nikadhani ananielewa. Kumbe alikuwa anasinzia.

Mjomba Christoph ndiye aliyetoa uamuzi. "Levi anataka nne Upande Mpya na moja hapa. Zacharias anataka moja kote. Hatutampendelea yeyote. Katikati ya moja na nne ni mbili na nusu. Itawekwa mbili na nusu kote kote, mpaka kura ipigwe. Baada ya hapo kila mmoja afanye atakavyo."

Nilidhani ananitania. Nikangoja acheke.

"Mjomba," nikasema, "ukiwa na mtu wa mguu mdogo na mtu wa mguu mkubwa, utawapa wote kiatu cha katikati?"

"Wote watatembea," akanijibu, akachukua mbegu nyingine.

Hapo ndipo nilipopandisha sauti. Sitarudia niliyoyasema. Nilisema kuhusu kabichi, nikasema kuhusu watu wanaohesabu nyundo wakati hawajui kupiga msumari. Nilipomaliza, Zacharias alikuwa anatazama viatu vyake na Mjomba Andreas alikuwa macho kabisa.

Kesho yake Mjomba Christoph alikuja bandani kwangu, Weidental, ambako nguruwe walikuwamo, hai, wakipumua, si kwenye lile banda tupu la saruji. Alisimama huku nikibonyeza mbili na nusu chumba hadi chumba. Kisha akabandika selotepu ya manjano juu ya vitufe vya kila kisanduku, akatia sahihi yake kwa kalamu nene, nusu kwenye selotepu na nusu kwenye kisanduku, mtu asiweze kuibandua na kuirudisha bila kujulikana.

"Amani iwepo," akasema.

Halafu baridi ikaja. Upepo ulishuka kutoka kaskazini na milango ya chuma ikaanza kulia. Chumba cha tatu nilikuwa nimekijaza watoto wapya siku hiyo hiyo. Cha nne na cha tano walikuwa wakubwa kidogo. Mtoto wa nguruwe mwenye joto la kutosha hulala ubavu, miguu ameinyoosha, amejiachia kama mlevi. Mwenye baridi hulala kifudifudi, miguu ameikunja chini ya tumbo asiguse sakafu. Asubuhi nilifungua mlango wa chumba cha tatu nikawakuta wote kifudifudi, wamerundikana pembeni, manyoya yamesimama. Kipimajoto kilisema ishirini na saba na ushee. Kisanduku kilikuwa kikifanya sawasawa kilichoambiwa: hakitoi moto wote mpaka chumba kipoe digrii mbili na nusu, basi kilikuwa kimetulia pale pale chini, kimeridhika, gesi tele ipo na haitumiki yote.

Jioni walikuwa wanaharisha. Siku iliyofuata nikatoa wafu wa kwanza, nikawaweka kwenye toroli, nikalisukuma toroli mpaka mlangoni pa ofisi. Niliingia na harufu yangu yote.

"Mjomba, nipe ruhusa nirudishe moja. Chumba kimoja tu."

"Kura ni Jumapili."

"Hawa hawaijui Jumapili."

"Nikikuruhusu wewe leo, kesho fundi seremala atataka misumari yake. Nitamwambia nini?" Alisema hivyo kwa huzuni ya kweli, na ndicho kilichonikera zaidi. Hakuwa mkatili. "Washa zile taa za joto."

"Taa umezigawa nusu kwa nusu, mjomba. Zimefungwa kwenye masanduku, na masanduku yana sahihi yako."

Alifikiri. Naapa alifikiri. "Basi wawekee majani makavu," akasema.

Kila jioni kabla ya chakula tunakwenda kusali, wote, na ukikosekana kiti chako kinaonekana. Jioni hiyo nilikosekana. Kengele ililia, nikasikia viatu vikikanyaga theluji kuelekea kanisani, kisha kimya. Niliingia chumba cha tatu, nikachomoa kisu changu, nikaikata selotepu ya Mjomba Christoph katikati ya jina lake. Nikabonyeza mpaka ikasomeka moja. Hita ikavuma. Nilikaa pale sakafuni, mgongo ukutani, nikiwatazama. Walianza kuachana taratibu. Mmoja akajitoa kwenye rundo, akazunguka, akajitupa ubavu na kunyoosha miguu. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na sikujua kipi kitangulie.

Asubuhi baada ya chai wanaume wote wakaitwa. Mjomba Christoph alisimama, uso umemwiva.

"Selotepu zimekatwa. Chumba cha tatu, cha nne na cha tano."

Nikashtuka. Cha nne na cha tano sikuvigusa. Sikuwa na muda.

"Cha tatu ni mimi," nikasema kabla hajauliza. "Cha nne na cha tano sivijui, ila aliyevikata ana akili kuliko nilivyodhani kuna mtu anazo hapa."

Watu walitazama mezani. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa nyuma, na Zacharias akasimama, taratibu, kama anayeng'olewa jino.

"Cha nne na cha tano ni mimi."

Mjomba Andreas alitusemesha kwa upole. Kwetu jambo la namna hii lina dawa fupi. Unasimama mbele ya watu, unasema "nimekosa", unasamehewa, na hakuna atakayelitaja tena mpaka ufe. Nimeona watu wakisamehewa makubwa kwa neno hilo.

"Sikukosa," nikasema.

"Uliambiwa usiguse, ukagusa."

"Niliambiwa nitazame wakifa."

Zacharias alipoulizwa, alisema atafakari. Basi tukatengwa, wote wawili. Ukitengwa hakuna anayekupa mkono, hakuna anayekusalimia, hulali chumba kimoja na mkeo, na bwaloni unakula meza ndogo ya pembeni, karibu na mlango unaopitisha baridi. Meza hiyo ni moja tu. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba siku moja watatakiwa kutengwa wawili, wasioweza kutazamana.

Na namba je? Mjomba Christoph alikwenda bandani na selotepu mpya. Akakuta chumba cha tatu watoto wamelala ubavu, cha nne na cha tano hivyo hivyo. Hakurudisha mbili na nusu. Alibandika selotepu juu ya moja, akatia sahihi, akaondoka. Alijua. Wote walijua. Hakuna aliyesema neno, ila sisi tulibaki kwenye meza ndogo.

Siku ya kwanza tulikula bila kusemezana. Siku ya pili nilishindwa.

"Unakunywa supu kama ng'ombe birikani."

"Na wewe unatafuna kama una kesi na mkate," akajibu, bila kuinua kichwa.

"Kwa nini hukugusa cha tatu?"

"Nilisikia hita inavuma nyuma ya mlango, nikajua umeshakigusa. Nilitoroka sala kukuzidi, nikakuta umenitangulia." Akachovya mkate. "Kama kawaida."

Tukala. Kwenye meza kubwa mtu alicheka kitu, vyombo vikagongana. Kisha Zacharias akasema, chini chini, kama anayezungumza na bakuli, "Maji yanataka nne. Niliijua tangu siku ya kwanza."

Kijiko changu kikabaki hewani.

"Unasemaje?"

"Niliyagusa mabomba. Niliijua."

"Ukanyamaza. Ukamwambia mzee joto ni joto." Nilikuwa nimeishika meza kwa mikono miwili. "Watoto wangu wamekufa, wewe ulijua?"

"Ni wewe uliyekuwa unasema, Levi. Ndiyo maana." Sasa alinitazama. "Miaka yote hiyo kila ninachokijua, wewe umekisema kwanza, tena kwa kelele. Ningesema 'ndiyo, nne' mbele ya Christoph, wangesema Zacharias anafuata kisogo cha Levi kama ndama. Nilitaka siku moja nibishe. Sikujua wataigawa katikati. Nani angejua wataigawa katikati?"

Ningempiga. Nasema kweli, kama si Sanna aliyekuwa akituangalia kutoka upande wa wanawake, kitambaa chake cheusi cha madoa meupe kimemteremka usoni, ningempiga shemeji yangu kwa bakuli. Badala yake nilimwambia maneno ambayo ni mabaya kuliko bakuli. Aliyapokea yote. Kisha akaniuliza feni ya kule iachwe kwa kiasi gani chumba kikiwa na watoto wapya, nami nikamjibu, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Tukabishana juu ya feni mpaka vyombo vikaondolewa. Na siku zilizobaki tulikula hivyo, tukitukanana na kupanga namba za banda ambalo hatukujua ni la nani.

Siku moja kabla ya kura, Mjomba Christoph alitangaza. Atakayefika kwenye kura bila kupatana na jumuiya atahesabiwa na kundi lake kama wengine, lakini bila kazi aliyokuwa nayo. Nguruwe wa kundi langu wangepewa Peter Glanzer, anayeshona viatu. Peter ni mtu mzuri, ila anaogopa nguruwe.

Rahel alikuja mchana. Hakuruhusiwa kukaa nami, kwa hiyo alisimama mlangoni, mikono imejaa shuka anazozikunja.

"Neno moja tu, Levi."

"Siwezi kudanganya kanisani ili nipewe nguruwe."

"Umekosa mangapi ambayo hukuomba radhi? Lihesabu kwa hayo."

"Rahel."

"Utakuwa nani bila lile banda?" akauliza. "Mimi nitakaa na wewe, sina pa kukupeleka. Lakini utakuwa nani?"

Nilikuwa nikijiuliza hilo hilo tangu asubuhi. Nisingekuwa mtu. Ningekuwa mzee mwenye maneno makali anayeokota mawe shambani. Hata hivyo nilishapanga nitakachosema jioni. Ningesimama niseme "sikukosa", kwa mara ya mwisho, niwatazame mmoja mmoja.

Jioni kanisa lilijaa. Sisi wawili tulikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Mjomba Andreas aliuliza kama kuna mwenye neno. Nilikuwa nakusanya pumzi, na Zacharias akanitangulia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akanitangulia.

"Nimekosa," akasema. "Vyumba vyote vitatu ni mimi. Levi alisema cha tatu ni chake ili nisibaki peke yangu."

Mtu akakohoa. Kila aliyekuwa ndani ya jengo lile, toka wazee hadi watoto wanaonyonya, anajua kwamba Levi hajawahi kumfunikia mtu kosa tangu azaliwe. Mjomba Christoph alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Levi," mhubiri akasema. "Ndivyo ilivyo?"

Nilisimama. Sijui kama nimewahi kuwa na hasira kama ile. Alikuwa ameniibia. Kile kilikuwa changu, kitu pekee nilichokifanya sawa msimu ule wote, na kimechukuliwa na kuitwa kosa, tena kosa la mtu mwingine. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: hapana, ni mimi, na sijutii. Lakini nikisema hivyo, Zacharias amesema uongo kanisani usiku wa kuamkia kura. Atakwenda au atabaki bila kazi, bila heshima, na dada yangu pamoja naye. Nikatazama upande wa wanawake. Sanna hakuwa ananiomba. Alikuwa ananingoja tu, kama alivyokuwa akiningoja tukiwa wadogo nimalize kupiga kelele ndipo tuendelee na mchezo.

"Mmemsikia," nikasema, nikakaa.

Wakatusamehe. Wakatupa mikono, wote, mstari mrefu. Mjomba Christoph aliushika wangu muda mrefu kuliko wengine na hakunitazama machoni.

Asubuhi karatasi ikatolewa kofiani. Kundi la pili ndilo litakalohama. Wanawake wakaanza kulia, wale wanaokwenda na wale wanaobaki, na malori yakawashwa ili injini zisigande. Nilimkuta Zacharias anafunga kamba juu ya kitanda na masanduku, pumzi yake nyeupe.

"Hukuwa na haki," nikamwambia. "Kilikuwa changu."

"Bado una hasira?"

"Nitakufa nayo. Ungechukua vyako viwili ukaniachia changu."

"Na wewe ungesema hukukosa, na Peter Glanzer angekuwa anashona nguruwe." Akavuta kamba ikakaza. "Tumegawana kila kitu, Levi. Vijiko, misumari, kabichi. Vyumba vitatu havigawanyiki kwa wawili. Ulitaka nikuachie kimoja na nusu?"

Sikucheka. Nataka ijulikane kwamba sikucheka.

"Nne," nikasema.

"Najua."

"Na usiruhusu feni iamke mapema. Acha chumba kipitilize kidogo kwanza."

"Najua, Levi."

"Kama unajua, nenda basi."

Akapanda. Sanna alinipungia kwa kitambaa kupitia dirishani, na malori yakageuka barabarani moja baada ya jingine. Nilikwenda bandani kabla hayajapotea. Nikabandua selotepu zote, nikaviringisha jina la Mjomba Christoph kuwa donge na kulitupa kwenye ndoo. Chumba cha tatu walikuwa wamekua, siku ya kupunguza joto kwa digrii moja ilikuwa imefika. Nikabonyeza ishirini na tisa. Kisha nikabaki nimesimama, kidole hewani, nikisubiri mtu nyuma yangu aniambie bado mapema, na hakuna aliyesema kitu.